Injini ya Kikombe Kimoja cha Chai

Wadogo zangu, mkiniona napita mtaani Awindiri, hapa Arua, na mfuko wa vyuma chakavu mgongoni mnapiga kelele, "Mstaafu! Mstaafu!" Sikasiriki. Ni kweli mimi ni mstaafu, ila miaka thelathini sijaifikia na meno yangu yote yapo. Kazi yangu ndiyo iliyozeeka kabla yangu. Nilikuwa fundi wa injini za mashine za unga, zile za dizeli, silinda moja, magurudumu mawili mazito pembeni, zilizokuwa zinasema dum-dum-dum toka asubuhi mpaka mihogo ya watu iishe. Nyaya za umeme zilipofika mtaani, wenye mashine wakafunga mota. Mota haina la kuzungumza na fundi. Unabonyeza kitufe, inazunguka. Siku ile mwenye mashine aliponishika mkono akaniambia, "Asante, Candiru, umetutumikia," nilitoka na spana zangu, nikalia kidogo, nikala chapati, nikaanza kuota ndoto nyingine.

Ndoto yenyewe ndiyo hiyo mnayoniuliza kila siku: mtu anaanzaje kutengeneza injini ndogo, ya kukaa kiganjani, inayozunguka kweli, na mfukoni hana kitu? Nitawaambia. Ila siwezi kuwaambia bila kumtaja Mzee Taban wa Koboko na chai yake, kwa hiyo mnivumilie.

Mzee Taban ni mume wa shangazi yangu, Mama Keji. Nilipoishia S2, kidato cha pili, mama alinifungia nguo zangu kwenye kitenge akanipeleka kwao Koboko, nijifunze chochote kile. Mzee hakuniuliza nimesoma mpaka wapi.

"Wewe iko na mikono mbili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi kazi iko."

Akanipa kipande cha ekseli iliyovunjika, kikubwa kama ngumi, na tupa moja. "Tengeneza dadu. Pande zote sawa. Ukimaliza, niite."

Nikadhani ni kazi ya mchana mmoja. Wadogo zangu! Upande wa kwanza ulitoka umebinuka kama mgongo wa kobe. Nikaunyoosha. Nikageukia wa pili, ukaegemea. Nikiurekebisha wa pili, wa tatu unanicheka. Kila kukirekebisha nako ni kukipunguza. Chuma kikawa kama yai, kikawa kama kokwa la embe, na nilipomwita Mzee hatimaye kilikuwa kama punje ya maharagwe. Alikiweka kiganjani, akakisogeza karibu na jicho.

"Hii dadu ya nani? Ya panya?"

Mama Keji akapaza sauti toka jikoni. "Mwache mutoto! Panya pia nacheza!"

Kisha Mzee akasimama nyuma yangu akanionyesha. Tupa inakata ukiisukuma. Ukiivuta, inyanyue, usiikwaruze bure. Viwiko vitembee, kiuno kitulie. Paka chaki kwenye meno ya tupa ili unga wa chuma usiyazibe. Na kujua upande umenyooka, usinunue dawa ya rangi ya mafundi wakubwa: chukua masizi ya chini ya sufuria, changanya na tone la oili, paka kwenye kipande cha kioo kinene, halafu laza chuma chako juu yake. Penye weusi ndipo palipoinuka. Piga tupa hapo tu. Dadu ya pili ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya panya. Ya tatu ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Dada, nitaanza nikipata mashine," namwambia anza na dadu. Jiliwa ya kubania, msumeno wa chuma, tupa mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Vingine vyote vimetupwa nje, vinakungoja. Bomba bovu la maji, lile la kufungua na kufunga kwa mkono, ni shaba ya manjano, laini, inakatika vizuri. Hapo umepata silinda. Kufuli lililopoteza ufunguo, hilo nalo shaba. Spoku ya baiskeli ni fimbo ya pistoni. Beringi ya bodaboda iliyochoka kwa abiria haijachoka kwa injini yako. Gurudumu lako zito litoke kwenye giya kuukuu la pikipiki. Mimi niliwahi kuwaagiza wale wanaoyeyusha sufuria za alumini wanimwagie gurudumu, likatoka zuri linang'aa, lakini jepesi kama kauli ya mgombea. Halibebi mzunguko. Gurudumu linataka uzito.

Ila fimbo ya shokabzoba msiiguse. Mimi niliipenda kwa sababu inang'aa na imenyooka. Nikaibana, nikapiga msumeno. Msumeno ukateleza kama mtu anayecheza muziki. Nikaongeza nguvu, meno yote ya msumeno yakaisha na fimbo haina hata mkwaruzo. Mzee alikuwa anatazama muda wote. Nilipomuuliza mbona hukunionya, akasema, "Ningesema, ungesahau. Sasa hapana sahau."

Nyuma ya jiko la Mama Keji kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda kulikuwa na mashine ya kukereza ambayo haikutoka kiwanda chochote. Mzee aliiunda mwenyewe alipokuwa kijana. Miguu yake ni ya cherehani, ile ya kukanyaga, pamoja na gurudumu lake na mkanda. Juu yake vyuma pembe viwili vimeunganishwa kama reli, na mhimili unazunguka ndani ya beringi za lori. Unakibana chuma kwenye mataya matatu, unakanyaga, chuma kinazunguka, kisu kinakila polepole na vumbi la shaba linadondoka kama sukari. Hakuna mtu Koboko aliyekuwa na mguu kama wa Mzee Taban. Alikanyaga bila kutazama, huku anapiga soga, na chuma kilitoka mviringo kama mbalamwezi.

Halafu, mimi nikiwa Arua kwenye mashine za unga, akaugua. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mguu wa kulia ulibaki mzito, unaburuta. Nilipokwenda kuwasalimia, baada ya kazi yangu kufa, nilikuta mashine imefunikwa gunia na kuku ametaga juu yake. Na mlangoni ameketi Bahati, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, mtu mchangamfu, mkononi ana muwa.

"Papa Taban," alikuwa anasema, "ile mashine niibebe lini? Inalalaka bure tu. Nikiikata vipande vine, inaenea kwa mukokoteni."

"Njoo siku ya soko. Leta na watu ya kubeba."

Nikasahau hata salamu.

"Mzee, unauza mguu wako?"

"Mguu gani?" Akaupiga kofi ule wa kulia. "Mguu iko hii, nakataa kazi. Mashine bila mguu ni chuma tu. Kila siku mimi naangalia yeye, yeye naangalia mimi. Afadhali aende."

"Mimi nina miguu miwili."

"Wewe iko Arua. Tena kazi yako imekufa. Wewe nataka tengeneza nini? Mashine ya unga imekwisha."

Nilikuwa sijapanga kusema. Mdomo ulisema wenyewe. "Nataka kutengeneza injini. Ndogo. Ya kiganjani."

Bahati akaacha kutafuna muwa. Mzee alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Injini ya kusaga nini? Chumvi?"

"Ya kuzunguka tu, Mzee. Ya kusikiliza."

Neno hilo la kusikiliza lilimgusa. Mjue kwamba huyu ni mtu aliyeishi na sauti ya injini masikioni miaka yote. Alikuwa anaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, anakwambia valvu ipi inaumwa. Sasa Koboko mashine za unga ni za mota, zinavuma kama nyuki. Akachora mstari vumbini kwa fimbo yake.

"Sikia, Candiru. Tumia mashine. Siku Bahati nakuja, mimi nakunywa chai hapa. Kikombe moja. Kama injini yako nazunguka mpaka chai nakwisha, mashine hapana toka hapa. Kama nasimama mbele ya chai kwisha, Bahati nabeba."

"Mimi niko shahidi," Bahati akasema. "Chai iko na sukari?"

Basi nikahamia Koboko. Nikamwondoa kuku kwa heshima, nikapaka grisi, nikaanza kukanyaga. Mzee alikaa mlangoni akinipa mgongo, ati anatazama barabara. Lakini masikio yake yalikuwa ndani ya kibanda. Nikikata shaba, sauti ikianza kulia, bila kugeuka anasema, "Kisu iko chini."

"Umejuaje, Mzee?"

"Nalia."

Hii niwafundishe, haina gharama. Ncha ya kisu lazima ikae sawa na kitovu cha chuma kinachozunguka. Mashine ikiwa imesimama, bana kipande cha wembe kati ya ncha ya kisu na chuma. Wembe ukisimama wima, uko sawa. Kichwa chake kikikulalia wewe, kisu kiko chini. Weka kipande cha bati chini yake. Kichwa kikiinamia chuma, kisu kiko juu.

Na injini ya kuanzia iwe ile ambayo silinda yake inatikisika yenyewe. Haina valvu za kukuchosha. Silinda inayumba kushoto na kulia kama mtu anayegeuza kichwa: akigeukia huku tundu lake linakutana na tundu la kuingiza hewa, akigeukia kule linakutana na la kutoa. Pistoni moja, krenki moja ya kuligeuzia gurudumu, gurudumu moja, basi. Pistoni iingie kwa oili, bila kulazimishwa. Ziba tundu kwa kidole, vuta pistoni, na ikitoka na mlio wa "pop" kama kizibo cha chupa, umefaulu. Na iendeshe kwa hewa, si mvuke. Nawasihi, wadogo zangu, kopo lililozibwa likiwekwa motoni si injini, ni bomu. Hewa ya tyubu ya bodaboda inatosha. Mimi nilibandika valvu ya pili kwenye tyubu, moja ya kupampu, moja ya kutolea hewa kwenda kwenye injini.

Sasa kosa langu. Ni kosa ambalo fundi wa mashine ya unga tu ndiye angelifanya. Kwenye injini kubwa, valvu ikivuja tunaisaga kwa pesti, ile dawa nzito yenye mchanga mkali ndani yake. Tunapaka, tunazungusha, inakaa. Uso wa silinda yangu, ule bapa unaoteleza juu ya matundu ya hewa, ulikuwa unavuja kidogo. Mikono yangu ikakumbuka kazi ya zamani kabla kichwa hakijafikiri: nikatoa kopo la pesti, nikasaga.

Na injini ikazunguka! Mara ya kwanza! Nilimtoa Mama Keji jikoni na mwiko wake mkononi, tukacheza kuizunguka jiliwa. Mzee alibaki na mgongo wake, ila fimbo yake ilikuwa inapiga chini, taratibu, kwa kufuata.

Kesho yake ikakohoa. Kesho kutwa yake ikazunguka kidogo ikasimama. Kila nikiijaribu inakuwa mbovu kuliko jana, na soko liko karibu. Nikachukua unga wa muhogo, nikaunyunyiza juu ya injini huku hewa inaingia. Hivyo ndivyo tunavyotafuta tundu kwenye mashine. Unga ukaruka kwenye uso wa silinda, pande zote. Uso mzima ulikuwa unavuja.

"Wewe nasaga na pesti ya mashine ya unga?" Mzee akauliza, mgongo uleule.

"Ndiyo, Mzee."

"Shaba ni laini. Mchanga naingia ndani kama mawe kwa ugali, hapana toka tena. Sasa injini yako nakula yenyewe."

Niliketi chini pale kibandani. Niliwaza Bahati na watu wake wa kubeba, na ule msumeno wa kukata vipande vinne. Mama Keji akaja akaketi karibu nami, akanipa muhogo wa kuchemsha. Nilipomaliza kula, sauti ikatoka mlangoni, ndogo, kama inajisemea yenyewe.

"Dawa ya meno nasaga shaba vizuri. Hapana kaa ndani. Unaosha, nakwenda."

Nikaukereza uso ule upya, nikatoa ngozi yote iliyomeza mchanga, nikausaga kwenye kioo kwa dawa ya meno mpaka masizi yakashika sawasawa kote.

"Hiyo dawa ni yangu yote," Mama Keji akalalamika akiminya tyubu tupu ya dawa. "Sisi tunasugua meno na nini? Na hii masizi yenu?"

Siku ya soko Bahati alikuja na mkokoteni, kamba na vijana wawili wenye mabega. Niliiweka injini juu ya kigoda, tyubu imejaa mpaka inang'aa. Nilipoinama kuchukua pampu niiweke karibu, Mzee alinyanyua fimbo.

"Hapana ongeza pumzi. Mashine ya unga nakula dizeli ya tanki yake. Iko na tyubu moja, basi."

Mama Keji akatoka na kikombe. Nilichungulia: chai nusu, tena ya vuguvugu. Shangazi yangu alikuwa upande wangu.

"Hii chai ya kupima homa ya mutoto?" Mzee akafoka. "Jaza! Na moto!"

Akajaza, huku ananitazama kwa kuniomba msamaha. Kikombe kilikuwa kinafuka moshi. Nikafungua valvu, nikalisukuma gurudumu kwa kidole.

Tik-tik-tik-tik. Halafu ikashika. Lile giya kuukuu likabeba mzunguko wake na silinda ikawa inatikisa kichwa kama mtu anayekubali kila neno. Mzee akanywa. Ninawaambia ukweli, alikunywa kwa haki. Ana koo la bati, alivuta ile chai ya moto kama maji. Lakini tyubu ilikuwa inalegea mbele ya macho yangu. Mikunjo ikatokea. Injini ikapunguza mwendo, tik... tik-tik... na kadiri ilivyopunguza, sauti yake ilizidi kuwa nzito, mpaka ikafika pale ambapo sikuitegemea: ikawa na mapigo yaleyale ya mashine ya unga wakati wa jioni, mafuta yakielekea kuisha na gunia la mwisho likiwa juu.

Kikombe cha Mzee kilisimama njiani, kati ya goti na mdomo.

"Kunywa, Baba Keji!" shangazi akalia. "Chai iko kidogo tu! Kunywa haraka!"

Hakunywa. Aligeuza sikio. Injini ikavuta pumzi moja, ikangoja, ikavuta nyingine. Nikafumba macho, maana sikutaka kuona gurudumu likisimama.

"Pampu iko wapi?"

Nilidhani ni Bahati. Nilipofumbua macho, Mzee Taban alikuwa ameweka kikombe chini vumbini, ameinuka kwa fimbo, ameivuta pampu. Ule mguu uliokataa kazi akaunyanyua kwa mkono, akauweka juu ya kikanyagio cha pampu ukishikilie. Akaanza kusukuma. Gurudumu lilikuwa karibu kulala, likatetemeka, likaamka. Tik-tik-tik-tik.

"Papa," Bahati akasema polepole, "na chai?"

"Chai iko pale," Mzee akajibu, jasho linamtoka, hasimamishi mikono. "Hapana maliza. Wewe naona nimemaliza?"

Bahati alikitazama kikombe. Akaitazama injini. Kisha akacheka kwa sauti iliyofika barabarani, akamwambia mmoja wa vijana wake, "Saidia muzee kupampu, mukokoteni utabeba maboga ya mama leo." Na kweli waliyabeba maboga ya Mama Keji mpaka sokoni.

Siku hizi kila Jumamosi nakwenda Koboko. Wapo wadogo zenu wa kule, wasichana kwa wavulana, wanaokanyaga ile mashine kwa zamu, na mzee mmoja ameketi mlangoni akiwapa mgongo na kusema, "Kisu iko chini." Bahati hupita na kuuliza, kwa adabu, kama sasa mashine iko tayari kubebwa. Mzee humjibu, "Ngoja, bado nakunywa chai."

Kile kikombe kiko kwenye rafu juu ya mashine. Chai iliyobaki ilikauka zamani, imekuwa doa jeusi chini. Mama Keji haruhusiwi kukiosha, na sijamwona akijaribu.

Basi njooni. Tafuteni bomba bovu, mje nalo. Tutaanza na dadu.